Kutwanga au Kulala, Mama?

Mama,

Wewe hukujua kusoma, na aliyekuwa akikusomea barua ni mimi. Sasa hii atakusomea nani? Sijui. Naiandika tu, kwa sababu nina jambo la kuuliza, na hapa Elisabethville kila mtu ananijibu lake.

Mama, nina mimba tena. Homa ilikuchukua kabla sijajua kwamba ninayo, na hilo linaniuma kuliko matanga yenyewe. Tumbo sasa linanitangulia mlangoni. Ilunga, mkwe wako, akirudi kambini kutoka kwenye tanuru la shaba, analisalimia tumbo kwanza, mimi baadaye.

Mama yake amekuja kutoka kaskazini kunitunza. Ni mtu mwema, nisikudanganye. Lakini mchi wako, ule ulioniachia, ameuficha chini ya kitanda chake. "Apana kutwanga, mwanangu. Kila mara ukipiga, mutoto iko nasikia mu kichwa." Sombe, majani ya muhogo ya mboga yetu, anatwanga mwenyewe, na mgongo wake ule mbovu, akihema, nami nimekaa kwenye kiti kama mke wa bwana mkubwa. Sista wa hospitali ya kambi naye anasema nilale kila mchana, miguu juu. Halafu nakukumbuka wewe: "Usikalake bure! Mutoto anafwataka mama yake. Mama akilala, na ye analala. Siku ya kuzaliwa nani atamuamusha?" Mimi nikiwa tumboni ulitwanga mpaka asubuhi ile niliyozaliwa, na ulijisifu kwa avenue yetu, mtaa mzima.

Nimwamini nani?

Jumamosi mama mkwe alikwenda sokoni. Nikautoa mchi. Sombe haikuwapo, mahindi hayakuwapo, kulikuwa na unga wa posho tu. Nikaumimina kinuni, nikatwanga. Unga uliokwisha kuwa unga, Mama! Ulinirukia mpaka kwenye kope. Alinikuta hivyo, nimekuwa mweupe kichwa kizima, akasimama na kapu lake. "Uko natwanga nini? Unga iko tayari unga!" Tulicheka mpaka nikashika tumbo. Kisha akaanza kulia. Akasema lile ambalo siku zote nilijua analo moyoni: kwamba yule mtoto wangu wa kwanza, wa mimba iliyoharibika, alitoka kwa sababu ya mchi huu, kwa kutwanga kule kwako.

Ni kweli nilikuwa natwanga uani kwako maumivu yaliponishika. Ni kweli pia kwamba wewe ndiwe uliyenipa mchi asubuhi ile. Mtoto alipokwisha kutoka, ulinishika mabega, ukasema, "Si muchi, mwanangu. Si muchi." Ulisema mara nyingi sana, na mpaka leo sijui kama ulikuwa unaniambia mimi au unajiambia mwenyewe.

Nikamuuliza sista. Akasema mtoto anayetoka mapema vile mara nyingi hutoka mwenyewe tu, kazi ya mikono siyo inayomtoa. Nikafurahi njia nzima. Kufika nyumbani nikajiuliza: kama ni hivyo, mbona ananilaza?

Na mtoto mwenyewe hanisaidii. Nikitembea, ananyamaza kabisa. Nikilala, anapiga mateke. Anafurahi au analalamika? Mimi nilikuwa hivyo ndani yako? Hilo ulilijua wewe peke yako, na umeondoka nalo. Nimekukasirikia, Mama. Nisamehe, lakini nimekukasirikia.

Kwa sasa nafanya hivi: asubuhi natembea polepole hadi kaburini kwako, napumzika njiani, mchana nalala. Kinu nimekiacha. Mama mkwe anasema natembea mno, na wewe, nakujua, ungesema nimekuwa mvivu.

Pumzika, Mama. Mtoto huyu akitoka salama, nitamfunga mgongoni nitwange sombe yangu mwenyewe, akusikie. Na asipotoka salama, wakija wote kuniuliza, nitawajibu kama ulivyosema wewe. Si mchi.

Mwanao,
Ngoie