Kinga ya Bwambale Imepanda

Kasese, Jumanne. Mvua tangu alfajiri, milima haionekani, na mimi nina hasira isiyo na pa kwenda.

Figo niliyompa mdogo wangu Bwambale inakufa. Daktari ameniambia asubuhi, nje ya wadi. Mwili wake umeikataa.

Na tulikuwa tumeshausahau ugonjwa! Alirudi kwetu Bwera, akachuma kahawa, akawa ananitania eti tangu apewe figo ya mwanamke amependa kupika.

Halafu siku moja ya soko, Mpondwe mpakani, mama akauziwa mizizi na mama mmoja wa Butembo, ng'ambo ya Kongo. "Hii iko ya kupandisha kinga, Mama Masika. Mupe mutoto anywe." Masika ndiye mimi, binti wa kwanza. Na baada ya Ebola na Korona, nani huku hataki kinga? Mama akachemsha. Bwambale akanywa bila kutuambia mpaka alipolazwa, maana kwetu anachochemsha mama hakikataliwi.

Miguu yake ilipoanza kuvimba, mama akaongeza kipimo.

Daktari amenieleza polepole. Mwilini kuna seli T, hao ni askari. Wanaiona figo yangu ni mgeni, lakini hawapigi mpaka wapate amri ya afande. Amri yenyewe ni vikemikali ambavyo seli hutumiana, vinaitwa saitokini. Vidonge vya Bwambale kazi yake ni kuizima amri hiyo. Kinga yake ilitakiwa ilale! Nilipomtajia mizizi, daktari alisema hawezi kuapa kwamba ndiyo, ila mingine huamsha amri, na mingine huvunja nguvu ya vidonge.

Kumbe tulikuwa tunawaamsha askari, tena kwa kikombe.

Nimkasirikie nani? Yule mama wa Butembo huwanywesha hata wanawe. Mama yangu hajawahi kusikia neno seli. Nimelia chooni mpaka kovu la ubavuni likauma.

Jioni mama ameingia wadini, ameloa chapachapa, amekumbatia chupa ya chai yenye maji ya mizizi. Akamtazama Bwambale amelala, uso umevimba.

"Masika, kinga yake imepanda?"

"Imepanda, Mama."

Akatabasamu, Mungu wangu, akaanza kumimina. Nimemnyang'anya kikombe, nikadanganya kwamba daktari amekataza vya moto.

"Basi kesho nitaleta ya baridi," akasema.

Kesho ataamka awashe jiko. Nani atamwambia, kama si mimi?