Goti Langu Limepona, Nashindwa Kumwambia Dada

Mpendwa mshauri, shikamoo. Nakuandikia nikiwa kitandani, na kitandani penyewe sitakiwi kuwepo, kwa hiyo naomba unisaidie haraka kabla sijaumbuka mbele ya dada yangu.

Mimi ni mama wa miaka sitini na mbili, naishi Kitangari na mume wangu Alfredi, tunalima korosho na muhogo. Goti langu la kulia lilinitesa miaka kumi na moja, kitandani nilikuwa nashuka kwa kushika ukuta, msibani wenzangu wako kwenye mkeka mimi nimeketi kwenye kiti kama mgeni rasmi, mpaka mwezi wa saba mwaka huu binti yangu Pendo, anayeishi Masasi mjini, akanipeleka hospitali kubwa, wakafungua goti, wakaondoa palipolika, wakaniwekea la bandia. Siku ya pili yake tu wakanisimamisha, nikalia, si kwa maumivu bali kwa woga, na siku ya nne daktari akaniangalia nikienda chooni na kurudi na ile fremu ya kutembelea yenye miguu minne, akasema mama, nenda nyumbani, hapa huna kazi tena.

Mshauri, mimi nilifurahi, lakini huku kwetu mtu akirudishwa mapema kutoka hospitali kubwa watu wanaelewa kwamba madaktari wameshindwa na wamemrudisha akafie kwao. Nilipofika uwanja umejaa, jirani mmoja ameshika unga kilo tano na uso wa msiba kabisa, Alfredi anawaambia jamani amepona, nao wanamshika bega wakimwambia ajikaze.

Na dada yangu Anjelina, Mama Isaka, alikuwa amefika kutoka Lupaso. Hapa lazima nikueleze jambo. Mama yetu alipougua alilala kwa dada miezi saba, nami nilikwenda mara mbili tu, kila nikipigiwa simu nasema nikimaliza korosho nakuja, na nilipomaliza korosho nilikwenda kuzika. Dada hakunigombeza. Aliacha tu kunipigia simu, miaka tisa, tukikutana kwenye harusi anaitikia shikamoo yangu akiangalia pembeni. Sasa huyo dada ndiye aliyesikia nimetolewa siku ya nne akapanda basi siku hiyo hiyo, nami namkuta jikoni kwangu, kanga kiunoni, anamfokea Pendo.

"Siku nne? Mwanamke akijifungua tu tunamweka ndani siku arobaini, huyu amekatwa mfupa mnamleta siku ya nne?"

Dada ni mkandaji, wazazi wa Lupaso karibu wote wamepita mikononi mwake, na sufuria ya maji ya moto na majani ilikuwa imeshachemka kabla sijafungua kilemba. Pendo akapiga magoti kabisa. "Mama mkubwa, nakuomba, kidonda kisiguswe na maji wala kukandwa, daktari amekataza." Dada akanuna, akafikiri, akasema, "Basi nitakanda mguu huu mwingine na mgongo. Mikono yangu haikuja kukaa bure."

Tangu hapo nimelelewa kama mwari. Ananichemshia ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, na kunimenyea, ananichana nywele, anazungumza habari za mama, jinsi mama alivyokuwa akituficha karanga na sisi tukizipata, tunacheka mpaka Alfredi anachungulia. Usiku ananiwekea mto chini ya goti, na mto huo daktari alinikataza, lakini anauweka kwa upole kiasi kwamba nashindwa kusema. Siku kumi za kwanza nililala kweli, goti likakakamaa, mtaalamu wa mazoezi wa hospitali akanigombeza kwenye simu, nikaanza kulikunja na kulinyoosha chini ya shuka. Nyuzi zilitolewa salama. Wiki ya sita Pendo akanirudisha kwa daktari, akalikunja goti huku na huku, akasema safi sana, mama, tembea, fremu iache, chukua mkongojo. Narudi nyumbani, dada yuko mlangoni, ananiuliza daktari amesemaje, na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu amesema nizidi kupumzika.

Nilisema hivyo kwa sababu nikisema nimepona ataondoka. Ndiyo hivyo tu, mshauri, sina sababu nyingine.

Sasa hii ni wiki ya nane na ninaishi kama mwizi nyumbani kwangu. Saa tatu asubuhi dada anakwenda bombani kuchota maji, na kabla ya kutoka huwa anaisogeza fremu kutoka pembeni mpaka kando ya kitanda, anasema isije ikamwangukia paka. Akitoka tu nainuka. Nazunguka nyumba mara sita, na juzi nilifika hadi kwenye mikorosho ya nyuma, nikasimama pale peke yangu nikicheka kama mwendawazimu, maana sikumbuki mara ya mwisho nilipofika pale bila kuuma meno. Bahati yangu ni kwamba dada akikaribia kona ya kwa jirani anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa, ingawa tangu utoto sijamjua kuwa mwimbaji, basi nikiusikia narudi kitandani upesi. Jioni ananiosha miguu, nyayo zina mchanga mwekundu, mimi naangalia dari nikimwomba Mungu dada asiulize, na hajawahi kuuliza. Alfredi nikimwambia anisaidie kusema, anachukua kiti chake anakwenda kukaa nje. "Mimi simo. Mtajuana wenyewe, watoto wa mama mmoja."

Kilichonivunja ni jana. Mwanawe Isaka alipiga simu kwamba korosho za mama yake zimeanza kudondoka na mbuzi wa watu wanaingia kula mabibo, mama atarudi lini? Nilimsikia dada kupitia ukutani, akasema, "Ziache zidondoke. Mdogo wangu bado hajainuka." Nililia nikiwa nimejifunika shuka. Mama yetu nilimwachia yeye kwa sababu ya korosho, leo yeye anaziacha korosho zake kwa ajili yangu, na mimi ni mzima. Nikimwambia atajua nimemdanganya, ataondoka na tutarudi kwenye kuangaliana pembeni, na safari hiyo tutazikana bila kusemeshana. Nisipomwambia, msimu wake unaoza kwa ajili ya mtu anayezunguka nyumba mara sita. Nifanye nini?

Mimi Mama Pendo, Kitangari.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Mama Pendo, ingawa kwa umri uliotaja ni mimi niliyepaswa kukuamkia. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili nilikasirika, sasa nimetulia.

Tuanze na goti, kwa sababu hilo lina haraka. Hongera sana, na mpe Pendo hongera zangu. Wasomaji wengine wenye mashaka kama ya yule jirani wa unga nao wasikie: kutolewa siku ya nne si kutupwa. Zamani mtu aliyefanyiwa upasuaji wa namna hii alilazwa wiki nyingi, na huko kulala kwenyewe kuliwaletea wengi matatizo, damu inaganda miguuni, kifua kinajaa, misuli inalegea. Siku hizi mgonjwa akiweza kuinuka na kufika chooni, maumivu yakatulizwa kwa vidonge na kidonda kikawa kikavu, nyumbani ndiko mahali pake, na dawa kubwa iliyobaki ni miguu yake mwenyewe. Kuna wanaokaa zaidi, kila mtu na hali yake, lakini anayetoka mapema hajafukuzwa.

Wewe dawa hiyo unaitumia kwa kuiba, saa tatu asubuhi, halafu mchana kutwa umejilaza. Nani kakufundisha? Mazoezi ulipewa ya mara kadhaa kwa siku, si ya wakati mtu ameenda bombani. Na huo mto, mama yangu, utoe leo. Goti likilala limekunjwa usiku kucha linazoea kukunjika, na siku utakayotaka kulinyoosha litakugomea. Umevumilia miaka kumi na moja ya kushika ukuta, halafu goti jipya unataka kulilemaza kwa kuona haya kusema "dada, mto huu sitakiwi kuwekewa"? Na kurudi kitandani upesi pia acha, utaanguka, na hapo utalazwa kweli. Ukiona shavu la mguu limevimba na kuuma, au pumzi inabana, au kidonda kinatoa majimaji, au homa, usimngoje mtu, nenda hospitali.

Sasa dada yako. Hebu niambie, unadhani unamdanganya nani?

Mwanamke aliyekanda miili ya watu maisha yake yote, anakuosha miguu kila jioni, anakuta mchanga kwenye nyayo za mtu asiyeinuka kitandani, na hasemi neno. Kila asubuhi anakusogezea fremu karibu, eti paka. Paka gani huyo? Na akirudi anaimba kwa nguvu tangu kwa jirani, yeye ambaye si mwimbaji. Mama Pendo, anakupigia hodi. Anakupa nafasi ya kurudi kitandani bila aibu. Sijamwona dada yako, naweza kukosea, lakini kwa hayo uliyoniandikia mwenyewe ningeweka mkono wangu motoni kwamba anajua kila hatua unayotembea.

Basi jiulize kwa nini anakaa. Wewe unaogopa ukipona ataondoka. Naye anaogopa hilo hilo. Miaka tisa hakuwa na sababu ya kuja Kitangari, sababu imepatikana na ameing'ang'ania, hata korosho zake anaziacha chini ziliwe na mbuzi. Mnapendana wajinga ninyi, na ninalisema hilo kwa heshima zote. Pumua. Hujampoteza.

Lakini usije ukatulia kwa sababu nimekwambia anajua, ukaendelea kulala. Kujua kwake hakufuti uongo wako, na korosho zilizo chini haziwangojei mmalize kuoneana haya. Tena gazeti hili linafika Lupaso na Kitangari pia. Majina nimebadilisha, ila goti hilo litajulikana tu, na ni afadhali alisikie kwako kuliko asomewe na jirani.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla hajachukua ndoo, amka, vaa, chukua mkongojo wako, utoke chumbani mpaka jikoni aliko. Umwamkie ukiwa umesimama. Mwambie daktari alisema nitembee, mimi nikakudanganya kwa sababu sikutaka uondoke. Kwa maneno hayo hayo, usiyapambe. Akicheka, cheka naye. Akikasirika, ana haki.

Kisha mwambie kwamba Isaka anangoja na mnakwenda wote wawili. Mpigie daktari kwanza umuulize kama safari inafaa, na akikubali, Pendo akutafutieni gari lenye nafasi ya kunyoosha mguu, mshuke njiani utembee kidogo. Bodaboda usithubutu. Huko Lupaso hutaokota, maana kuinama kutwa na kupiga magoti bado, na daktari ndiye atakayekwambia lini. Lakini mtu anaweza kukaa kwenye kiti cha kimo chake akatenganisha korosho na mabibo, akainuka kila baada ya muda akatembea, akapika mchana wakati wengine wako shambani. Tafuteni pia fundi atoboe tundu katikati ya kiti cha plastiki kwa ajili ya choo cha shimo, usianze kuchuchumaa ugenini. Alfredi atajipikia. Kwa kuwa yeye hayumo, hilo litamfaa.

Limebaki moja ambalo hukuniomba ushauri. Umelipitisha katikati ya barua yako haraka haraka, kisha ukaendelea na habari za sufuria. Wiki nane hizi mmezungumza mama yenu na karanga zake, mmecheka, na hakuna mahali ulipoandika kwamba ulimwomba dada yako radhi kwa ile miezi saba. Naona hukumwomba. Umekuwa mgonjwa ili usimwombe, kwa sababu mgonjwa hagombezwi.

Sasa si mgonjwa tena. Mkifika Lupaso, mwombe akupeleke alikozikwa mama yenu, mwende taratibu, wewe na yeye tu. Pale mwambie, "Dada, mama aliugua na mimi sikuja." Usitaje korosho, usitaje umbali, usitaje goti. Sema hivyo, kisha nyamaza, na yeye aseme yake yote mpaka yaishe.