Mayai Yenye Nta

Mama yangu wa Gwata,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini siwezi kuanza bila hiyo. Nataka kukwambia habari ya yule mtetea aliyewika, maana umeondoka duniani ukiamini uongo, na uongo wenyewe ni wangu.

Unakumbuka kideri kilivyomaliza kuku wako, mwaka ule tuliohamishiwa kijijini na nyumba zikapangwa mstari? Mimi nilikuwa Kibaha, kwenye mashine za kutotolea vifaranga. Mwalimu wetu alitufundisha kutoboa yai lililokaa siku tano mashineni na kuchungulia. Nilikuwa naogopa, Mama. Ndani ya yai moyo unadunda, jicho jeusi linakutazama, lakini huwezi kujua kama ni jike au dume. Mwalimu alisema kuku jike ndiye anayeamua jinsia ya kifaranga, ila mwili huchelewa kufuata: ndani kuna tezi mbili, ya kulia na ya kushoto, na mwanzoni zinafanana kabisa. Kwa jike, ya kushoto hukua ikawa ya mayai, ya kulia hunyauka. Ukitia tone la homoni ya kike mapema, hata dume hufuata njia hiyo, kwa muda. Kisha tundu tunaliziba kwa nta.

Mayai tuliyokwisha kuyatia dawa yakazidi, tukaambiwa tuyatupe. Nikayaonea huruma. Nikachukua sita, nikayafunga tumboni kwa kanga yasipoe. Kwenye basi la Mlandizi wakanipisha kiti wakidhani nina mimba, na mimi nikakaa.

Nilikudanganya kwamba ni mayai mapya, na nta ni alama ya kazini. Ukaazima kuku wa kuatamia kwa Bi Zuhura, jirani na shoga yako. Siku ya kumi na tano tu, badala ya ishirini na moja, yakaanguliwa. Ukahesabu siku kwa vidole mara mbili. Mimi nikainama nikaosha vyombo.

Wakakua, wote mitetea kwa kuwatazama. Halafu mmoja, mchana kweupe, akasimama mlangoni akiangalia ndani, akawika. Sauti nzito, ya jogoo mzee. Akawika tena, akikutazama wewe.

"Huu ni mkono wa Zuhura," ukasema. "Ametuletea msiba."

Ukamchinja, ukaniagiza nikamfukie. Nilimpasua kwanza. Kulia palikuwa na korodani ndogo. Kushoto palikuwa na kitu ambacho si korodani wala si tezi ya mayai. Nikajua ni tone langu. Nikafukia, nikanawa, nikaja kula.

Tangu hapo hukuitikia salamu ya Bi Zuhura. Watu wakamkwepa kisimani, hata akahamia kwa mwanawe Kisarawe. Ulipougua alikuja na uji, ukageukia ukutani. Nilikuwepo, Mama, na sikusema. Naona aibu mpaka leo.

Juzi nilikwenda Kisarawe kumwambia. Alinisikiliza huku akichambua mchele, wala hakushtuka.

"Maganda niliyazoa mimi," akasema. "Yalikuwa na nta, na chini yake tundu. Nilijua siku ile ile kuwa umeyachezea."

Nikamuuliza mbona hakujitetea kwako.

"Mama yako alikuwa na wewe tu. Ningemwambia, angebaki na nani?"

Kesho naja naye hapo kaburini. Akikusalimu, tafadhali mwitikie.

Lala salama, Mama.

Ni mimi, mwanao wa pekee.