Maswali ya Baba Kuhusu Wanaanga

Kijijini, karibu na Zhezkazgan
Tarehe 14 Oktoba

Kwa Kaka yangu mpendwa Yerkebulan,

Pokea salamu zangu, na za nyika nzima ambayo tayari imeanza kuganda. Natumaini huko Almaty mnaamka salama, na kwamba kifua cha wifi kimepoa. Sisi ni wazima. Baba ametimiza miaka sabini na sita, na bado anapanda farasi bila kushikwa mkono.

Barua hii ni juu yake, Kaka. Nakuomba usiikunje kabla ya kufika mwisho.

Mwezi wa Aprili chombo cha wanaanga kilitua karibu na malisho yetu. Kondoo walitawanyika, naye Baba akawafuata hadi akajikuta amesimama karibu na helikopta iliyokuja kuwachukua. Aliona watu watatu wakitolewa na kukalishwa vitini kama wagonjwa. Mmoja aling'oa nyasi, akazinusa, akakataa kuziachia hata alipokuwa anabebwa.

Kesho yake Baba akaingia maktabani kwangu, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi. Alivua kofia, akaniuliza kama nina kitabu cha kueleza kwa nini mtu mzima anuse nyasi.

Nilimpa kimoja. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Tangu hapo haji kunisalimu, anakuja kuuliza. Huko juu wanaoga vipi? Anayelala anajuaje kwamba amelala chali? Siku moja alisoma kwamba machozi huko hayadondoki, yanajikusanya jichoni kama tone kubwa. Akafunga kitabu, akaiacha chai yake ipoe.

Bi Raushan anayefagia maktaba hamwachi apumue. Alimwambia, "Mzee, unataka kuruka, na meno yenyewe matatu?" Baba akamjibu bila kuinua macho, "Meno ya nini? Chakula chao wanakikamua tu. Wewe ndiye hutafaa, maana huko vumbi halitulii likafagiwa." Bi Raushan alicheka hadi akakalia ndoo. Sasa naye anasoma.

Mwezi uliopita Baba alifika kwenye rafu ya chini, akatoa kitabu chenye jalada jekundu. Alikigeuzageuza, kisha akaniuliza kama hiki ni miongoni mwa vile vitabu vyako alivyovichoma kwenye jiko. Nikamwambia ndiyo, ulikuwa nacho kama hicho. Alikisoma kwa siku tisa. Alipomaliza alisema, "Nilidhani vinamfundisha kuwakimbia kondoo. Kumbe mtoto alikuwa anauliza tu."

Halafu akanitazama, akasema maneno ambayo yameninyima raha hadi leo: "Bibigul, mimi nilivichoma, na hilo ni langu. Lakini lile lako sijamwambia kaka yako. Mwambie mwenyewe."

Kaka, miaka thelathini na moja umeamini kwamba Baba alipekua godoro lako kama mwizi, akavikuta vitabu. Hakupekua. Mimi ndiye niliyemwonyesha ulikovificha. Nilikuwa na miaka tisa, nawe ulikuwa umeninyang'anya kitabu chenye picha ya Dunia, ukasema mikono yangu inanuka mafuta ya kondoo. Nilitaka uchapwe kidogo tu. Sikujua kama atawasha jiko. Ulipoondoka kwenda kwa mjomba, nilitamani kusema, nikaogopa. Ulipokuja kumzika Mama ukakaa mbali na Baba, niliogopa zaidi. Yeye aliyabeba yote, hata siku moja hakunitaja.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nikasirikie, una haki. Ila hasira ile uliyompa Baba, sehemu yangu mwondolee.

Kuna jambo moja tena. Ana swali ambalo vitabu vyangu vyote vimeshindwa kulijibu. Nilimwambia alitaje nikuandikie, wewe ni mwalimu wa hesabu, huenda unajua. Amekataa katakata. Anasema hilo haliandikwi, atakuuliza ana kwa ana, na kwamba treni ya Zhezkazgan haijaacha kutembea.

Msalimie wifi, wabusu watoto kwenye paji la uso. Hata ukiniandikia maneno makali, nitayasoma yote.

Mdogo wako aliyekukosea,
Bibigul