Alama Uliiweka, Fundi

Fundi Hamadi,

Leo nimekalia kiti chako, usinune. Kibodi yako bado ina wekundu wa ubuyu kwenye herufi ya A, na sina moyo wa kuufuta. Mama Zuhura, mteja wetu anayenunua vitambaa soko la Zhongda, alikuja kunihani. Akasema, "Maskini, akili zilikuwa zimeshaanza kumpotea."

Maneno hayo niliyapanda mimi. Unakumbuka vitambaa vyake vilipopakiwa bandari ya Nansha kwenye kontena la Mombasa badala ya la Dar, na programu yetu ya kukagua mizigo isiseme kitu? Nami na mdomo wangu huu, mbele ya wafanyabiashara wote, nikadakia kwamba umesahau kuweka alama ya kuhakiki. Ukasema, "Huenda nimesahau. Uzee huu." Ukamwomba Mama Zuhura radhi. Tangu hapo ukawa unasoma kila mstari mara tatu, hujiamini tena, mpaka ukatutoka.

Fundi, hukusahau.

Nimefanya ulivyonifunza: kabla hujamlaumu mtu, punguza. Siku nne nimeipunguza programu, natupa kila kisichohusika, ikabaki mistari kumi na moja. Kwenye sehemu mama ipo kazi ya kufunga kontena, na juu yake alama yako, wazi kabisa: hakiki kwanza. Sehemu mtoto inairithi kazi hiyo kama ilivyo. Kompaila, inayoyageuza maandishi yetu yaeleweke na mashine, ilipaswa kuiona alama na kupachika ukaguzi kila kazi hiyo inapoitwa. Ikiitwa kupitia mama, inaiona. Ikiitwa kupitia mtoto, inairuka, kimya. Mzigo wa Mama Zuhura ulipita kwa mtoto.

Nimewaandikia wanaoitunza kompaila. Wamekiri kosa ni lao.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi; wewe ulikuwa ukiniambia, nacheka. Sasa naona aibu hata kula ubuyu wako uliobaki kwenye mtoto wa meza. Siku nne tu, Fundi. Ningezitoa ukiwa hai.

Ijumaa tunakusomea hitima, na watakuwepo walewale. Nilikusema hadharani, nitakusafisha hadharani, Mama Zuhura akiwa mbele. Nakuahidi.

Niwie radhi. Mungu akulaze pema, mwalimu wangu. Haukuwa uzee.

Mwanafunzi wako,
Neema