Kichaka Kichungu cha Baba

Hapana, mdogo wangu Yefim, si dubu kama unavyodhani. Dubu angevunja matawi na kutuachia kinyesi. Huyu anachuma tunda mojamoja kama anachagua shanga. Haya, salamu kwanza: hujambo huko bandarini? Kikohozi kimekuachia? Sisi Kamchatka wazima, na mbu ni wazima kutuzidi.

Zhimolosti za Baba, vile vichaka vyake vya matunda ya bluu, zilitoa maua mpaka nikaanza kujigamba kwa watu. Nilipopanda kilimani na ndoo wakati wa kuchuma, kile kichaka kikubwa kilikuwa kitupu. Mama kashika kichwa. Unajua huku mtu humwonyesha mkewe na wanawe tu mahali anapochumia, wengine wapotee msituni. Baba kafa, tumebaki watatu tunaopajua. Kila jioni Mama ananiuliza nani, nani. Hata mimi kaniambia nitoe ulimi, aone kama una bluu!

Nikashuku kila mtu. Jirani yetu Prokopi nilimshuku kwa sababu tu alinisalimia vizuri mno. Halafu akili ikanijia: kila kichaka kina ladha yake, na kile cha Baba kina uchungu unaokuja mwishoni, kama umelamba gome la mti. Nikaenda barabarani kwa akina mama wanaouza, nikaonja ndoo hadi ndoo. Wakanipigia kelele, we Lavrenti, unanunua au ndiyo chakula chako cha mchana? Nikawajibu mteja mzuri haharakishwi.

Ndoo ya mwisho, uchungu uleule. Ya Taisiya, yule mjane anayepika shuleni. Nikamvuta pembeni, nikamuuliza nani kamwonyesha. Hakubisha. Akasema ni Baba, kile kipindi Mama amelazwa mjini. Baba alipokuwa hai, Taisiya hakuwahi kwenda huko peke yake. Mwaka huu kaenda kwa sababu kamkumbuka. Yefim, utani wote uliniisha mdomoni.

Mama akijua, tumempoteza. Na jana kaniambia Jumamosi anakwenda barabarani kuonja mwenyewe.

Basi tufanye biashara. Mpigie Mama simu kabla ya Jumamosi, umwambie ulipokuja likizo ulilewa ukamwonyesha rafiki yako pale. Wewe ndiye kitinda mimba: leo atakutukana, kesho atakufumia soksi. Taisiya nimeshamwambia aikalie ndoo yake nyumbani. Na jamu yote ya mwaka huu, mitungi yote, nakutumia wewe. Mimi nitakunywa chai kavu. Umekubali?

Kaka yako anayekungoja,
Lavrenti