Miguu Isiyosukuma Maji

Jumatatu, 3 Novemba

Zubiri, mkuu wetu wa waokoaji, kaja na mtihani mpya. Mwaka huu kila mwokoaji wa ufukwe wetu wa Necochea atamvuta mwenzake bwawani, kwenda na kurudi, kwa miguu mitupu. Bila mapezi ya mpira! Mkono mmoja umemshika “aliyezama,” kazi yote ni ya miguu. Ukishindwa, hupewi kiti ufukweni.

Kile kiti nilikikalia Zubiri akiwa bado mtoto wa shule. Na anajua fika kwamba bila mapezi mimi si kitu. Miaka yote hii mapezi yamesukuma, miguu imepanda lifti ya bure. Lakini baharini si ninayo mapezi? Mtihani wa nini, basi? Nélida kasema nisimlalamikie yeye, nimlalamikie Zubiri. Mke huyu!

Alhamisi, 6 Novemba

Bwawa la klabu. Nikashika ubao wa kuelea, nikapiga miguu kwa nguvu zangu zote. Nikarudi nyuma. Sitanii — nyuma! Visigino vikagonga ukuta nilioanzia.

Yanina, yule msichana mwokoaji, aliona. Yuko kwenye orodha ya akiba; nikianguka mimi, kiti ni chake. Hakucheka. Afadhali angecheka. Kaniambia vifundo vyangu vya miguu vimekakamaa kama vya mtu aliyevaa viatu, na kwamba naendesha baiskeli majini: magoti yanakunjwa, maji hayasukumwi. Nianzie nyongani, mapigo madogo madogo, nyayo zilegee. Kesho atanisimamia, nikitaka.

Kwa nini anifundishe? Simwamini hata kidogo.

Jumatano, 12 Novemba

Nakalia visigino sebuleni ili vifundo vilegee. Nélida ananipitishia chai ya mate hapo hapo sakafuni, kila kikombe na tabasamu. Maumivu hadi kwenye meno. Naichukia hii miguu.

Jumanne, 18 Novemba

Leo nimekwenda mbele. Polepole, lakini mbele! Kisha bibi mmoja mwenye kofia ya maua akanipita. Akaniomba radhi.

Yanina anasema nimebadilika sana. Maneno ya kumbembelezea mgonjwa.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimefaulu.

Zubiri alinipanga na Yanina, yeye awe aliyezama. Kwetu aliyezama humsaidia mwenzake kichinichini. Kila mtu anajua, hakuna anayesema. Kwa hiyo nilimwonya kabla hatujaingia majini: asithubutu. Alale kama gogo. Akakubali.

Kwenda nilikwenda vizuri. Nyonga, nyayo, mapigo madogo. Nilijisikia mtu. Tulipogeuka mapaja yakawaka moto, magoti yakaanza baiskeli yake, maji yakanipanda mdomoni. Nikaona dari tu. Halafu ghafla tukawa wepesi — tukateleza hadi ukutani. Vijana wakapiga makofi. Zubiri akanipa mkono, eti mzee bado wamo.

Miguu yangu ilikuwa imeshasimama. Najua iliposimama. Yule msichana alipiga miguu chini yangu, akanibeba kama mzigo wa sokoni. Kanihurumia! Afadhali angeniacha nianguke. Nélida kapika ravioli za kusherehekea, na nimezila zote kwa hasira.

Jumapili, 30 Novemba

Nimemfuata Yanina klabuni. Nikamwambia huruma yake akae nayo, sikumwomba, na kama anakitaka kiti akitwae kiume, asinipe sadaka.

Aliniacha nimalize. Kisha akavuta kola ya fulana. Shingoni, alama za vidole. Nne upande mmoja, moja upande wa pili.

“Huruma gani, Mzee Olmos? Ulikuwa unanizamisha. Nilipiga miguu ili nipumue.”

Sikukumbuka kumkaba. Bado sikumbuki. Nikamuuliza kama kamwambia Zubiri. Akasema hajamwambia, na kwamba hilo ni la kwangu kusema.

Nimekaa garini muda mrefu. Nimeona aibu hadi nikashindwa kuwasha.

Jumatano, 3 Desemba

Nimekwenda ofisini kwa Zubiri kusema. Alikuwa anacheka na mtu kwenye simu, akanirushia shati jipya jekundu la waokoaji. Nikaondoka nalo.

Jumamosi, 6 Desemba

Ufunguzi. Jua kali, bendera nyeusi na njano: tahadhari. Familia kutoka bara zimejaa majini hadi kiunoni, na mkondo unavuta kusini.

Asubuhi Zubiri kanipa msaidizi, wa kwanza tangu nianze. Yanina. Eti ameomba mwenyewe. Ufukwe wa jirani walimpa kiti chake mwenyewe, akakikataa. Zubiri anaona ni heshima kwangu, msichana anataka kujifunza kwa mkongwe.

Sijamuuliza Yanina kwa nini. Naandika hapa juu ya kiti, daftari gotini, jambo ambalo ni marufuku. Yeye amesimama chini mchangani, boya begani, mapezi tayari mkononi. Mtoto mmoja amekwenda mbali kidogo. Nimepuliza filimbi, anarudi — au hajasikia.

Nimemtupia jicho Yanina nione kama naye kamwona. Haangalii bahari. Ananiangalia mimi.